Nyumba Iliyouzwa Gati Akiwa Shambani

Hyasinta alikuwa juu ya kreti la soda, mkono mmoja ameegemea ukuta na mwingine umeshika brashi ya katani, akipandisha chokaa mpaka karibu na dari, aliposikia mtu anaingia uani. Mtu huyo hakupiga hodi. Alipita ubavuni mwa nyumba, akaenda moja kwa moja kwenye jiko la nje, akatua kitu kizito na kushusha pumzi. Ikasikika sauti ya ndoo ikisogezwa. Baada ya hapo kimya, kama mtu anayetafuta kitu mahali alipokiacha.

Hyasinta hakushuka. Alidhani ni jirani amefuata ndoo. Kwenye kota za kiwanda watu walikuwa wakiazimana ndoo bila maneno mengi. Akachovya brashi, akaendelea na kazi.

Mwanamke akatokea kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa na vumbi mpaka magotini, kanga moja kiunoni na nyingine begani, na alitazama ukuta kabla ya kumtazama mpakaji.

"Fundi," alisema, "Machage amekwambia upake na chumba cha ndani, au sebule peke yake?"

"Mimi siyo fundi."

"Basi nani, unayepaka nyumba ya watu?"

"Ni nyumba yangu, dada. Nimeinunua."

Mwanamke akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia mzaha wa mtoto. Akatazama kitanda cha Hyasinta kilichoonekana kwa mlango wa chumba, akatazama sanduku, akatazama picha ya Bikira Maria iliyoegemezwa kwenye dirisha ikisubiri ukuta ukauke. Hakucheka tena.

"Umeinunua," alisema. "Na mimi umeninunua? Maana nilikuwaga humu ndani."

Hyasinta alishuka kwenye kreti. Chokaa ilikuwa ikimchuruzika kwenye kiwiko na hakuwa na kitambaa karibu, akajifuta kwenye gauni.

"Mimi ni Gati," yule mwanamke alisema. "Mke wa Machage. Nilienda Bugwema kulima, mvua zilipoanza. Nimerudi na mahindi yangu. Kufuli yangu iko wapi?"

"Sikukuta kufuli. Machage alinipa nyumba iko wazi."

"Yeye yuko wapi?"

"Alisema anakwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Hakusema machimbo gani."

Gati aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa habari aliyokuwa akiitarajia, ila si siku hiyo. Hyasinta alimpa maji katika kikombe. Hakuyapokea. Alirudi kwenye jiko la nje, ambalo Hyasinta alikuwa bado hajalitia kufuli, akaingiza gunia lake la mahindi, akafagia, akakaa.

Alikaa humo siku ile, na siku zilizofuata.

*

Kota zile zilijengwa na kiwanda wakati kiwanda kilikuwa na nguvu. Zilikuwa safu za nyumba fupi za matofali, kila moja ina vyumba viwili na sebule, jiko la nje, na bomba moja kwa kila safu. Ilikuja miaka ambayo vipuri havikupatikana, wala sabuni, wala sukari, na mashine zikawa zinasimama juma zima huku wafanyakazi wakipiga soga kivulini. Baadaye ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Sabuni ikajaa madukani, na kiwanda kikafungwa. Wafanyakazi wakapunguzwa, na waliokuwa wakikaa kwenye kota wakaambiwa wanaweza kuzinunua.

Machage, aliyekuwa fundi mitambo, alinunua ya kwake. Hyasinta alikuwa mpishi wa kantini na hakupewa kota. Kwa miaka yote ya kazi alipanga chumba mtaani Nyasho. Alihamishwa mara mwenye nyumba anaoa, mara mwenye nyumba anamleta mdogo wake, mara mwenye nyumba amechoka tu kumwona. Hakuwa na mume. Alikuwa na mtoto, akafa mdogo. Mama yake alizikwa Kiriba, na kaka zake walikuwa na mambo yao. Alipopewa kiinua mgongo, alijua tayari atakachokifanya nacho. Alitaka mlango ambao hakuna mtu atakuja kumwambia atoke.

Hakununua kwa pupa. Watu walimshauri aende kwenye Chama cha Wenye Nyumba za Kota, naye akaenda. Chama kilikuwa na mwenyekiti, mzee Apolinary wa Nyegina, aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda. Kilikuwa na kanuni za bomba, kanuni za shimo la maji machafu, zamu za ulinzi, na kanuni moja ambayo Apolinary alijivunia kuliko zote: hakuna nyumba ya kota itakayouzwa mpaka mke wa muuzaji asimame mbele ya wanachama na kusema kwa mdomo wake kwamba amekubali.

"Kabla ya hapo watu walikuwa wanauzaga nyumba na watoto wamelala ndani," Apolinary alimwambia. "Mnunuzi anakuja na kitanda chake, anakuta uji uko jikoni. Sasa hapana. Wewe utanunua ukiwa umelindwa."

Na kweli, siku ya mkutano Machage alimleta mkewe kutoka Butiama. Alikuwa mama mtu mzima, Susana, mwenye fimbo na kitambaa cheupe kichwani. Wanachama walimpisha kiti. Apolinary alimuuliza kama anakubali nyumba iuzwe. Susana alisimama, akasema, "Mimi nimekubali," akakaa. Watu wakapiga makofi. Muhuri wa chama ukagongwa. Hyasinta alirudi Nyasho kwa miguu siku hiyo, ingawa alikuwa na nauli, kwa sababu alitaka furaha hiyo idumu njiani.

Hakuna aliyemwambia kwamba Machage alikuwa na mke mwingine.

*

"Kaa hapa, mama," Apolinary alisema, akimsogezea kigoda barazani kwake. "Nimesikia. Usiogope. Kanuni imefuatwa."

"Amekaa jikoni kwangu, mwenyekiti. Anapika, anafagia. Hanisalimii na hanitukani."

"Bora angekutukana, tungekuwa na kesi. Mtu anayefagia utamshtaki nini?"

"Mlimwita mke yupi?"

Apolinary alikohoa. Alikuwa mtu mwema, na kukohoa ndiko kulikokuwa kusema uongo kwake.

"Tulimwita mke. Machage alisema huyu ndiye mke wangu. Tukamwona, mtu mzima, ana heshima zake. Mimi ni Mkatoliki, sikai kuhesabu wake za watu. Na hata angekuwa nao kumi, ungefanyaje? Mkubwa amekuja kutoka Butiama, umwambie mama rudi, tunamtaka mdogo? Wewe mtoto wa nani?"

"Lakini aliyekuwa akiishi humu ni Gati."

"Chama kimegonga muhuri," Apolinary alisema polepole. "Tukisema tulikosea kwako, kesho atakuja wa safu ya pili, na wa safu ya nne. Wote watasema sisi je? Chama ndicho ukuta wenu. Ukuta ukianza kutoa tofali moja..." Hakumaliza. "Wewe baki ndani. Paka chokaa yako."

Hyasinta hakumlaumu. Alijua kwamba mzee yule alikuwa akiamka alfajiri kufungua bomba ili watu wasigombane, na hakuna aliyemlipa. Lakini alipotoka pale hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipitia sokoni kwa Mniko, makamu mwenyekiti, aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba.

Mniko alikuwa ameketi katikati ya lundo, akitafuta viatu vinavyofanana na kuvifunga kwa kamba.

"Karibu, mama. Una miguu miwili leo, au umekuja kunisuta?"

"Nimekuja kuuliza. Wewe ni Mkurya kama Machage."

"Ndiyo, lakini sikuzaliwa naye tumbo moja."

"Gati anawaambia majirani nyumba ile ni yake. Anasema ni ng'ombe za binti yake. Mimi sielewi."

Mniko aliweka chini kiatu alichoshika. Akatazama kama kuna mtu karibu, akakuta hakuna zaidi ya mama wa dagaa aliyesinzia.

"Kwetu, mama, kila mke ana nyumba yake. Siyo nyumba ya matofali. Nyumba, yeye na watoto wake. Binti wa nyumba hii akiolewa, ng'ombe zinaingia nyumba hii. Ng'ombe za nyumba hii hazinunui unga wa nyumba ile. Baba akizichukua, anakuwa na deni kwa mke wake mwenyewe. Binti wa Gati aliolewa mwaka ule kota zinauzwa. Machage aliswaga ng'ombe mpaka mnadani, akaja kulipa kota. Kila Mkurya wa safu ile alizionaga zikipita."

"Na ulikuwa mkutanoni."

"Nilikuwa."

"Ukanyamaza."

"Mkubwa alikuwa amesimama, mama." Mniko alisema bila hasira. "Mkubwa akisimama, mdogo hatajwi. Ningeinuka pale niseme mama Susana kaa, nyumba hii siyo yako, ningekuwa nimemvua nguo mbele ya watu. Na yeye hakudanganya. Aliulizwa kama anakubali, akasema anakubali. Angekataaje nyumba ya mwenzake? Haikuwa kazi yake kuikataa."

"Kazi ya nani sasa?"

Mniko alirudi kwenye viatu vyake. "Mguu wa kushoto ninao," alisema, kama anajisemea. "Wa kulia sijui umeendaga wapi."

*

Gati alikwenda mahakamani mwenyewe, kwa miguu, na hati ya kuitwa shaurini ikamfikia Hyasinta kwa mkono wa Apolinary. Machage aliitwa pia. Aliyetumwa kumtafuta machimboni alirudi akisema amehamia machimbo mengine, na huko nako wakasema amehama.

Siku hizo Hyasinta alimaliza sebule. Alipaka chumba chake. Chumba cha pili, cha upande wa jikoni, hakukipaka. Alikuwa akifungua mlango wake, anatazama, anaufunga. Jioni alikula peke yake mezani, na kupitia dirishani aliona moshi wa Gati. Harufu ya chakula cha Gati ilikuwa ikiingia sebuleni. Mara nyingine alitamani yule mwanamke apige kelele, amwite mwizi, watu wajae. Hata ugomvi ungekuwa mazungumzo. Lakini Gati alikuwa kama mtu anayengoja gari kituoni. Anajua litakuja, na haoni sababu ya kuzoeana na waliosimama naye.

Mara moja tu walizungumza. Hyasinta alitoa sufuria ya samaki, sato aliyekaangwa akaungwa nyanya, akaiweka kwenye kizingiti cha jiko.

"Nimepika nyingi," alisema.

"Kwa ajili ya nani?" Gati aliuliza.

Hyasinta alirudi ndani. Asubuhi aliikuta sufuria pale pale, imefunikwa vizuri isiingie paka, haijaguswa.

Mara moja kwa mwezi mwanasheria mmoja, binti wa Mwanza, alikuwa akija kwenye ukumbi wa parokia kuwasaidia akina mama bila malipo. Hyasinta alipanga foleni kwenye benchi pamoja na wajane na wenye watoto. Zamu yake ilipofika, alisimulia yote kwa mpangilio, tangu kantini mpaka kwenye gunia la mahindi. Binti yule alisikiliza kwa makini huku amevua viatu chini ya meza.

"Mama, sheria ya ndoa inasema mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila mke anayehusika kukubali," alisema. "Haisemi mke mkubwa. Akiuza hivyo hivyo, mnunuzi anaipata nyumba, lakini mke ana haki ya kuendelea kukaa humo, mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iseme vingine."

"Nyumba yangu, naye ndani?"

"Ndivyo. Isipokuwa kitu kimoja." Aliinua kidole. "Sheria inakulinda na wewe. Kama ulilipa kihalali, na hukujua wala hukuwa na sababu ya kujua kwamba kuna mke humo ndani, unalindwa. Yeye atatoka, atamdai mume wake. Hakimu atataka kujua ulijua nini. Siku ya kuikagua nyumba, uliona nini?"

"Ilikuwa tupu," Hyasinta alisema.

"Kabisa?"

"Vitu vidogo vidogo. Machage alisema ni takataka."

"Na chama kilikuletea mke, akakubali. Hiyo ni nguvu kubwa sana kwako. Utajibu tu ukweli: hukujua." Binti alitabasamu, akavaa viatu. "Utashinda, mama."

Hyasinta alishukuru. Alipotoka nje, jua lilimpiga usoni na ziwa lilikuwa likimeta kule chini, akasimama chini ya paa la ukumbi muda mrefu, kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

Kwa maana si kweli kwamba ilikuwa tupu.

Machage alimwonyesha sebule, chumba cha kwanza, chumba cha pili. Katika chumba cha pili, pembeni, kulikuwa na jiwe la kusagia. Machage alikuwa akieleza habari za mabati. Hyasinta aliinama kama anayetazama sakafu, akaliona jiwe la chini na jiwe la juu yake, lile dogo linaloshikwa kwa mikono. Kwenye mifereji ya jiwe la chini kulikuwa na unga wa ulezi, mwekundu, haujashika wadudu. Akaliinua jiwe la juu. Lilikuwa limelika upande mmoja, mahali viganja vya mtu vilipokaa miaka mingi. Aliweka viganja vyake pale na havikuenea. Vya mwenyewe vilikuwa vidogo.

Mama yake, kule Kiriba, alikuwa na jiwe kama lile. Alikuwa akisema kwamba mwanamke akihama huliacha la chini, kwa sababu ni zito na majiwe makubwa yako kila mahali, lakini la juu hulifunga kwenye nguo zake, kwa sababu limeshaujua mkono wake. Ukiingia nyumba ukakuta jiwe la juu, mwenye nyumba yupo, ametoka tu.

Hyasinta aliliweka jiwe lilipokuwa. Machage akauliza, "Unaionaje, mama?" Naye akasema, "Nyumba ni nzuri."

Siku alipohamia, jiwe halikuwapo. Machage alikuwa ameyaondoa yote mawili, la juu na la chini, na Hyasinta alipoona pembe ile tupu alijisikia amepumzika.

*

Nyumbani alijizoeza jibu. "Sikujua, mheshimiwa." Alilisema akichota maji, akalisema akikunja nguo. Lilikuwa jibu fupi na lilikaa vizuri mdomoni. Kaka yake Masatu alipofika mjini kuuza mihogo, alimweleza habari za jiwe. Masatu akamshangaa.

"Jiwe linatoa ushahidi? Sema hukujua. Nani aliingia kichwani mwako akaona?"

"Hakuna."

"Basi. Ukitolewa humo usije Kiriba kulia, unajua nyumba ya mama ilishaanguka."

Mahakama ilikuwa chumba chenye madirisha makubwa, na upepo wa ziwa ulikuwa ukizifunua karatasi za karani. Apolinary alikuja na muhuri wa chama mfukoni, kana kwamba ataombwa kuugonga pale. Mniko alikuja, akakaa nyuma. Susana aliletwa kutoka Butiama. Alipoulizwa, alisema, "Niliulizwa nakubali, nikakubali. Nyumba ya kota ni ya Gati. Kila mtu anajua." Hakimu akamuuliza kwa nini hakusema hivyo mkutanoni. Susana akamtazama kama anayemwonea huruma. "Hakuna aliyeniuliza ni ya nani."

Apolinary aliinamisha kichwa.

Gati alieleza habari za ng'ombe na habari za shamba kwa maneno machache. Hakumtazama Hyasinta hata mara moja.

Ndipo Hyasinta akasimama. Hakimu alikuwa mzee mwenye sauti ya chini, akauliza kama mtu anayeuliza bei.

"Mama, ulipoikagua hii nyumba, ulikuwa na sababu yoyote ya kufikiri kuna mwanamke anaishi humo?"

Lile jibu lilikuwa tayari. Hyasinta alifungua mdomo. Akatazama chini, kwenye mikono yake, ambayo ilikuwa bado na mabaka meupe ya chokaa kwenye kucha, akakumbuka jinsi ambavyo haikuenea kwenye lile jiwe.

"Sikuambiwa," alisema.

"Sijauliza kama uliambiwa."

"Niliona jiwe la kusagia, mheshimiwa. La juu lilikuwepo. Na unga ulikuwa haujaharibika."

"Jiwe hilo lilikwambia nini?"

"Kwamba mwenyewe yupo."

"Ukauliza?"

"Sikuuliza."

"Kwa nini?"

Hyasinta alifikiri. Alitaka kujibu sawasawa. "Niliogopa ningejibiwa," alisema.

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliyoingia uani, Gati aligeuka akamtazama. Hakukuwa na shukrani usoni mwake, wala chuki. Alimtazama tu kama mtu anayetazama chombo chake kilichopotea kikiwa mkononi mwa mwingine.

Nje, Apolinary alimshika mkono. "Umejibomolea ukuta mwenyewe, binti yangu," alisema, na machozi yalikuwa karibu. "Tulikuwa tumeshinda."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Nitaibadilisha ile kanuni. Tutaandika, mke anayekaa humo. Lakini wewe haitakusaidia."

"Najua."

*

Hukumu ilikuwa kama yule binti wa Mwanza alivyosema. Nyumba ilibaki ya Hyasinta. Gati alibaki ndani yake, mpaka ndoa yake na Machage ivunjwe, au mpaka mahakama iamue vingine. Fedha zilikuwa za kudaiwa kwa Machage, na Machage alikuwa machimboni.

Gati alichagua chumba cha pili, cha upande wa jikoni, kile ambacho hakikupakwa. Alikuwa wa kwanza kusema habari za ukuta.

"Ule mlango wa kati tuuzibe," alisema. "Mimi nitatumia wa nyuma. Wewe wa mbele."

"Tunaweza kuuacha na kitasa," Hyasinta alisema.

"Kitasa kinafunguliwa."

Chama kiliwapa matofali yaliyobaki kwenye ujenzi wa choo. Mniko aliyaleta kwa mkokoteni na hakusubiri kushukuriwa. Udongo waliuchota wenyewe nyuma ya bomba. Gati aliukanda kwa miguu, Hyasinta alipanga, kwa kuwa alikuwa mrefu zaidi na aliwahi kuwaona mafundi wakijenga jiko la kantini. Walianza asubuhi. Walifanya kazi vizuri pamoja, jambo ambalo lilimshangaza Hyasinta na kumtia huzuni. Mmoja alinyoosha mkono na mwingine alikuwa tayari ameweka tofali pale mkono ulipofika.

"Akikutaliki utaondoka," Hyasinta alisema wakati fulani, akigonga tofali likae. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kujua.

"Sheria imesema hivyo."

"Utataka akutaliki?"

Gati alikanyaga udongo. "Yeye atanitaliki, ndiyo. Ng'ombe za binti yangu zitanitaliki vipi?"

"Mimi nilifanya kazi kantini miaka yangu yote," Hyasinta alisema. "Nyumba hii ndiyo sufuria zangu zote."

"Najua," Gati alisema. "Nilikuwaga nakula huko, Machage akinileta siku za sikukuu. Wali wako ulikuwa na mawe."

"Mchele ulikuja na mawe. Miaka ile hata mawe tuliyapangia foleni."

Gati alitoa sauti puani, ambayo huenda ilikuwa kicheko, kisha akakumbuka, akarudi kukanyaga udongo. Hyasinta alingoja kama atasema neno jingine. Alingoja mpaka udongo wa mkononi ukaanza kukauka. 

Mchana Gati alikwenda kupika upande wake na Hyasinta akapika upande wake. Walirudi kazini jua likiwa limeshuka kidogo. Ukuta ulipanda mpaka magotini, ukapita kiuno. Juu ya matofali Hyasinta aliona chumba cha pili: mkeka, gunia la mahindi limepungua, na pembeni, mahali pale pale, duara jeusi sakafuni lilipokuwa jiwe. Alitaka kusema kwamba si yeye aliyeliondoa. Alihesabu maneno hayo kichwani akaona hayatoshi, na kwamba hata kama ni kweli, hayabadilishi kitu. Akaomba udongo.

"Umekwisha," Gati alisema. "Na jua linakwenda."

"Bado mistari michache."

"Kuchota sasa tutaukanda gizani. Hautashika."

Hyasinta alitazama ukuta. Ulikuwa umefika kifuani mwake, na mabegani mwa Gati. Alinyunyiza maji kwenye mstari wa juu, ili kesho udongo mpya ushikane na wa leo. Upande wa pili Gati alitandika gunia juu ya matofali ili udongo usipasuke kwa upepo. Alilivuta mpaka likalala sawa pande zote mbili.

"Kesho nitaamka kuchota," Hyasinta alisema.

"Chota mapema. Bomba likifunguliwa watu wanajaa."

"Haya."

"Haya."

Gati akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kukoka moto. Hyasinta alikusanya mwiko na ndoo, akaviweka chini ya ukuta, upande wake, akaenda mlango wa mbele kunawa mikono.